Seva Iko Wapi

Mwanahamisi hakubisha hodi. Aliingia, akavuta kiti kwa mguu, akaiweka simu yake juu ya meza ya polisi, taratibu, uso juu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Maiti huyu hapa," akasema. "Amekufa tena."

Generoza akainama kuitazama. Alikuwa OPJ, afisa wa upelelezi hapo Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, na juu ya meza ile palikuwa pameshalazwa mapanga, nyavu za wizi, hata mbuzi mmoja mzima aliyekuwa akidaiwa na watu wawili. Lakini duka, hapana. Kioo cha simu kilikuwa cheupe, na katikati maneno machache ya Kifaransa yakisema ukurasa haupatikani.

"Bonyeza tena, Mama Mariam."

"Nimebonyeza hadi kidole kinauma. Bonyeza weye, labda litaogopa polisi."

Generoza akabonyeza. Duka halikuogopa.

Pwani nzima ililijua duka la Mwanahamisi. Kwa miaka mingi lilikuwa meza ya mbao sokoni, ndagala, dagaa wa ziwani, wakavu upande huu, samaki wa mukeke wa moshi upande ule. Kisha, miaka michache nyuma, Nasoro, kijana anayetengeneza simu karibu na stendi, akamtengenezea jingine la mtandaoni, lenye picha za samaki na kitufe cha kuagiza. Watu wa Bujumbura wakaagiza. Warundi walioko ng'ambo wakaagizia ndugu zao. Msimu huu alikuwa ameongeza mawese ya Kizuka, mekundu, kwenye chupa safi.

"Sasa sikia," Mwanahamisi akasema. "Mwezi uliopita lilikufa, likafufuka lenyewe. Nikasema ni rezo, mtandao umesumbua. Mwezi kabla yake pia hivyo hivyo. Safari hii kuna hoteli ya Bujumbura ilitaka mawese kwa karamu. Bwana yule anabonyeza, hakuna kitu. Ananipigia, mimi niko Kizuka kwenye mashamba, simu haishiki. Komanda, oda yangu, imekwenda kwa mutu mwingine. Nani amelizima? Nasoro. Andika."

"Kwa nini azime kazi ya mikono yake?"

"Ijumaa wazee wake wanakuja kuchukua jibu la posa. Duka linakufa, Nasoro analifufua, Mwanahamisi anasema ee, mukwe wangu ni daktari! Si ndiyo anachotaka? Mimi sitoi binti yangu kwa mutu wa hila. Mutie kasho kwanza, mufungie. Mariam nitajua namna ya kumuambia."

Alipolitaja jina la Mariam, sauti ilishuka, na mkono ukaenda kuifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Generoza aliuona mkono ule.

"Duka lenyewe limewekwa wapi?"

"Kwenye mtandao. Si nimesema?"

"Mtandao si mahali, mama. Duka kama hili lazima likae ndani ya mashine iliyowashwa, sehemu fulani. Ndiyo seva. Seva yako iko wapi?"

Mwanahamisi akakunja uso.

"Hapo ndipo penyewe. Mwanzo Nasoro aliniletea mbili nichague. Moja iko Ulaya, moja ni ya kampuni ya Bujumbura. Nikamuambia, mali yangu siiweki kwenye nyumba ambayo mwenyewe sijamusalimia. Gunia langu la ndagala likilala kwa mutu, namujua yeye, namujua na mama yake. Akaenda, akarudi anacheka. 'Nimepata mahali hapa hapa Rumonge,' anasema, 'kwa mutu wa kuaminika, bure.' Nikauliza ni nani. Anasema, 'Umeshamusalimia, mama.' Basi! Mimi nimesalimia Rumonge nzima!"

"Umeshamsalimia," Generoza akarudia polepole.

"Andika, basi."

"Nipe hadi magharibi. Jina la mtu likishaingia kwenye daftari la polisi, kulitoa ni kazi."

"Na mimi nachagua seva mpya. Leo leo."

"Usichague bado. Hujajua hii ya kwanza ina ugonjwa gani. Ya pili utaichagua kwa kipi?"

Mwanahamisi akachukua simu yake, akaifunika kwa ncha ya kitenge.

"Kiswahili chako cha kambi za wakimbizi za Kigoma kinanichosha," akasema, lakini mlangoni aligeuka. "Umekula?"

"Bado, mama."

"Kula. Mupelelezi mwenye njaa anafunga mutu yeyote."

Kibandani kwake karibu na stendi, Nasoro alikuwa ameinamia simu iliyopasuliwa tumbo. Alipoona buti za polisi akaweka chini chuma cha kuchomea.

"Amahoro, Nasoro."

"Amahoro, afande."

"Duka la Mama Mariam limezimika."

"Najua."

"Umelizima wewe?"

"Oya, si mimi."

"Unaweza kuliwasha?"

"Nikiifikia mashine, ndiyo."

"Ifikie, basi."

Nasoro akachukua skrubu ndogo, akaitazama kama anayeiona mara ya kwanza.

"Mashine iko kwa nani?"

"Niliahidi sitamutaja."

"Ulimwahidi nani?"

"Nikisema nilimuahidi nani, nimeshamutaja, afande."

Generoza alijizuia asicheke. "Mpigie simu huyo mtu. Mwambie afisa anamtafuta."

"Siwezi kumupigia."

"Simu yake mbovu?"

"Nzima kabisa. Niliitengeneza mimi. Siwezi tu. Si wiki hii."

"Mama Mariam ananiambia nikutie kasho. Ijumaa wazee wako wanakwenda kwake kuchukua jibu. Unataka wapewe jibu gani? Huyo mtu unamthamini kuliko Mariam?"

Nasoro akainua macho.

"Ni kwa sababu ya Mariam," akasema, kisha akauma mdomo.

Generoza hakumbana zaidi. Ukimbana mtu wa namna hiyo anajifunga kama kopo. "Funga kibanda," akasema. "Twende ziwani, tupunge upepo."

Toka stendi hadi ziwani kuna njia moja iliyonyooka, na hata mgeni hawezi kupotea. Walipofika pale inapoanzia, Nasoro akakata kushoto.

"Njia fupi ni hii," Generoza akamwambia.

"Huku kuna kivuli, afande."

Generoza akatazama huko. Hapakuwa na mti hata mmoja. Kulikuwa na mabati ya maghala yanayowaka kwa jua na harufu ya chumvi ya samaki. Alimfuata, wakazunguka nyuma ya maghala yote, wakatokea ufukweni kwa upande wa mbali, jasho likiwachuruzika. Huku wakitembea, aliipitia kichwani milango ya ile njia iliyonyooka. Fundi cherehani. Mashine ya unga. Chumba cha kuchajia taa za wavuvi, chenye paneli za sola juu ya paa. Baada ya hapo, mchanga.

Mmoja kati ya milango ile Nasoro hakutaka kuupita.

Ufukweni mitumbwi ilikuwa imevutwa juu, nyavu zimetundikwa. Vitanda vya kuanikia ndagala vilikuwa vitupu, na mbuzi walikuwa wamelala juu yake bila mtu wa kuwafukuza. Agneta, mpinzani wa Mwanahamisi, yule anayeuza ndagala kwa kutuma picha kwenye WhatsApp, alikaa ukingoni mwa mtumbwi akisukwa nywele na jirani yake. Nusu ya kichwa ilikuwa mistari, nusu ilikuwa moto wa nyika.

"OPJ! Umekuja kununua? Leo huna bahati."

"Nimekuja kuuliza. Duka la Mwanahamisi likizimika, wateja wake wanakwenda wapi?"

"Wanakuja kwangu."

Generoza akasogea karibu. "Kununua?"

"Kuuliza kama amekufa!" Agneta akacheka hadi msusi akampiga bega atulie. "Nawaambia, yule hafi leo wala kesho. Malaika mwenyewe atachoka kubishana naye bei."

"Na huwauzii?"

"Niwauzie nini? Mbuzi? Angalia vitanda vile. Mwezi umewaka, dada. Ziwa lote linang'aa usiku, taa haivuti samaki hata mmoja. Wanaume wanalala, nyavu zinalala, mimi nasukwa. Hivi Kigoma hawana mwezi?"

"Wanao," Generoza akasema. "Mwezi uliopita ulisukwa lini?"

"Ulipowaka. Nisukwe lini tena? Siku nyingine mikono iko kwenye samaki."

"Na wale waliopiga simu kuuliza kama Mwanahamisi amekufa?"

Agneta akamtazama msusi wake.

"Nilikuwa nimekaa hapa hapa," akasema. "Nikamuambia huyu, simamisha kwanza mukono, simu inalia. Na mwezi wa nyuma yake pia. Ee! Ni kweli! Kumbe duka lake linakufa nikisukwa?"

"Linakufa mwezi ukiwaka," Generoza akasema.

Alitazama kando ya mitumbwi. Taa za betri, zile zilizofuata baada ya karabai, zilikuwa zimepangwa chini ya turubai. Hakuna aliyekuwa akizibeba kwenda popote.

"Hizi mnazichaji wapi?"

"Kwa Muzee Radjabu, wapi tena? Lakini amefunga. Wavuvi wamelala, achaji nini?"

Muzee Radjabu. Mume wa Mwanahamisi, baba yake Mariam. Generoza akageuka. Nasoro alikuwa amejisimamia mbali kidogo kati ya mitumbwi, mgongo ameuelekeza njia iliyonyooka, anatazama maji kwa bidii kubwa.

"Nasoro!" akamwita. "Baki hapo hapo kwenye kivuli chako."

Kisha akatoa simu, akampigia Mwanahamisi, akamwambia aje kwenye chumba cha taa.

Mlango wa chumba ulikuwa na kufuli. Mzee Radjabu alikuwa nje, ubavuni, chini ya upenu, akifuta kioo cha taa kwa kitambaa, redio ikiimba kwa sauti ndogo.

"Amahoro, mzee."

"Amahoro, mwanangu. Karibu, hapa kuna kivuli."

"Kumbe ndipo kilipo. Nimekitafuta mji mzima." Generoza akachuchumaa mbele yake. "Ndani humu kuna nini, mzee?"

"Betri."

"Na nini?"

"Chaja. Taa mbovu mbili tatu."

"Na nini tena?"

Mzee akafuta kioo, akakipulizia, akakifuta tena mahali pale pale.

"Nani amesema?"

"Hakuna aliyesema. Yule kijana ameishika ahadi yako hata nilipomtajia kasho. Miguu yake ndiyo iliyoniambia. Mtu aliyepeleka posa hakanyagi mlangoni kwa mkwe kabla ya jibu, hata kumpigia simu anaona haya. Amenizungusha nyuma ya maghala yote ya samaki, juani, ili tusipite hapa."

Mzee Radjabu akaanza kucheka kimyakimya, mabega yakimtikisika. "Ana adabu, mutoto yule. Ana adabu hadi anajiumiza."

Akatoa ufunguo shingoni.

Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya tindikali. Betri zilikaa ukutani zimechomolewa nyaya. Pembeni, juu ya rafu iliyopigwa randa vizuri kuliko kitu kingine chochote mle, kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitenge cha zamani, kilichofuliwa na kukunjwa pembe zake kama shuka la mgeni. Generoza akakiinua. Kompyuta ndogo nyeusi, taa zake zote zimezimwa.

"Mbona umeifunika?"

"Vumbi. Halafu imelala." Mzee alisema kama anayeeleza jambo la wazi. "Mwezi ukiwaka nazima kila kitu, na betri zipumzike. Mutumbwi tunauvuta juu. Nyavu tunazianika. Hii nayo ni mashine ya samaki, itakesha kwa kazi gani? Duka la samaki bila samaki linauza nini?"

"Nasoro hakukwambia isizimwe?"

"Aliniambia siku ya kwanza. Nikamuelewa kama mutu anayesema taa isizimwe. Kazi ikiwa iko, haizimwi. Yeye ni mutoto wa Bujumbura, mwezi anautazama tu. Hakunitajia mwezi, na mimi sikuona cha kumuuliza. Mbona hakuna aliyelalamika miaka yote?"

"Kwa sababu lilikuwa la samaki tu. Siku hizi linauza na mawese, mzee."

Mzee alikuwa ameingia na taa yake mkononi; kitambaa kikasimama juu ya kioo.

"Tangu lini?"

"Tangu msimu huu. Siku za mwezi, wewe unapolala, mkeo yuko Kizuka ananunua mawese. Ndiyo maana naye hakuona kwamba linakufa pamoja na mwezi."

"Hakuniambia habari ya mawese."

"Na wewe hukumwambia kwamba seva iko kwako. Kwa nini?"

Mzee akakaa juu ya kreti.

"Miaka yote sokoni wanasema, Mwanahamisi anauza samaki wa mume wake. Anatoka alfajiri, anarudi jioni, wao wanasema ni wa mume wake. Siku alipofungua hili la kwenye simu alikuja nyumbani, akaniambia, Baba Mariam, hili ni langu peke yangu, hata jiwe lako moja halimo. Alicheka, mwanangu, kama siku niliyomuoa. Kisha Nasoro akaja kuuliza nani Rumonge ana umeme usiokatika. Ni mimi, na jua langu. Nikasema weka. Lakini nyamaza. Ukisema, jiwe langu limeingia."

"Na kitenge changu kimeingia."

Mwanahamisi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua tangu lini. Alipita katikati yao, akakichukua kile kitenge, akakinusa.

"Nimekitafuta hiki hadi nikagombana na Mariam."

"Kiliisha rangi," mzee akasema. "Nikajua hukitaki."

"Baba Mariam."

"Niko hapa."

"Umenifungia duka mbele ya hoteli ya watu."

"Nilijua nawe unapumzika. Kila mutu anapumzika."

"Mawese hayajui mwezi, muzee wangu."

"Sasa najua."

Mwanahamisi akajaribu kukasirika. Ilionekana kwenye mdomo wake kwamba anajaribu. Badala yake akakaa kwenye kreti ile ile, wakagusana mabega, akajifuta macho kwa kile kitenge kilichoisha rangi.

"OPJ," akasema baadaye, "ugonjwa tumeuona. Sasa naruhusiwa kuchagua?"

"Chagua, mama. Unajua cha kuuliza."

"Huyu wa Ulaya simutaki. Nimemuandikia tangu asubuhi, kunajibu mashine. Nikipatwa na shida nitagombana na mashine?" Akapiga namba ya Bujumbura, akaweka sauti nje. Kijana mmoja akapokea.

"Amahoro. Seva yenu mnaizima lini?"

"Hatuizimi, mama."

"Hata mwezi ukiwaka?"

"Mwezi gani, mama?"

"Wa juu."

"Oya, mama. Mwezi wa juu hatuna shida nao."

"Umeme ukikatika?"

"Iko jenereta, na betri."

"Duka likifa, nikipiga namba hii nani anapokea?"

"Mimi, Meshaki. Au mwenzangu."

"Mama yako anaitwa nani, Meshaki?"

"Beatrisi, mama. Lakini..."

"Musalimie sana. Muambie ni Mwanahamisi wa Rumonge. Nitakupigia tena." Akakata. "Huyu nimemusalimia mwenyewe. Naweka kwake."

Mzee Radjabu akaitazama ile rafu aliyoipiga randa. "Kwa hiyo hii inatoka."

"Nani amesema inatoka? Kila kilicho Bujumbura nataka pacha wake hapa. Kwao kukiungua moto, mimi nakimbilia wapi? Si kwako?"

"Na mwezi ukiwaka?"

"Pacha alale. Siku moja moja na mimi nitalala." Akamsukuma kwa bega. "Na jiwe lako liache hapo lilipo. Nitawaambia mwenyewe sokoni."

Generoza alikuwa ameshaelekea mlangoni. Pale alipokuwa na jina la kuandika asubuhi, sasa hapakuwa na kesi.

"Imebaki kuiwasha," akasema. "Halafu kuhamisha kila kitu Bujumbura. Mimi hiyo kazi siiwezi, na mzee haiwezi."

Wote watatu wakatazama nje. Mwishoni mwa njia iliyonyooka, katikati ya mitumbwi, mgongo wa Nasoro ulikuwa bado umewaelekea. Alikuwa hajasogea hata hatua.

"Hawezi kuingia humu," Mzee Radjabu akasema. "Jibu ni Ijumaa."

Mwanahamisi akasimama kizingitini, akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Nasoro!"

"Mama!" Hakugeuka.

"Kuja humu ndani, duka limekufa!"

"Siwezi, mama! Bado hamuja..."

"Mimi ndiye nasema ingia! Unataka jibu gani lingine? Ijumaa wazee wako waje kula!"

Kwenye ukingo wa mtumbwi Agneta alipiga kigelegele, kichwa bado nusu. Nasoro akageuka. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, na safari hii hakutafuta kivuli. Alikuja kwa njia fupi.